Povu la Kunyolea: Dhana, Vitenzi na Maji

Utangulizi

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu ajitayarishe kwa jambo lililokwisha kumfika jirani yake. Kwa anayeshughulika na istilahi, methali hii ni shahidi wa jambo jingine pia. Yaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa na utaratibu wao wa kunyoa, na kwamba hatua ya kwanza ya utaratibu huo, yaani kulowesha nywele, ilijulikana na watu wote hata ikafaa kuwa mfano. Sabuni ya kunyolea na brashi yake vilikuja baadaye, vikaingia katika kazi iliyokuwa na lugha yake tayari.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna povu zuri la kunyolea linavyotengenezwa kwa sabuni na brashi, na kuyachunguza maneno yanayohitajika ili maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili bila utata. Tumeuchagua ukanda wa Shinyanga na Geita kwa sababu tatu. Kwanza, maji ya huko hutofautiana kutoka kisima hadi kisima, na maji ndiyo yanayoamua hali ya povu. Pili, katika ukanda huo povu linatumika pia kuchenjulia madini, na huko lina kazi nyingine kabisa. Tatu, watu wa makabila mengi hukutana huko migodini na mijini, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Agizo likiandikwa vibaya, hakuna lugha nyingine ya pamoja ya kulirekebisha.

Huenda msomaji akajiuliza kama jambo dogo kama povu lastahili kurasa za jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba istilahi za mambo makubwa, kama vile katiba na uchumi, hupata wajumbe na vikao, hali za mambo madogo huachiwa mfasiri mmoja mezani pake. Nayo mambo hayo madogo ndiyo yanayogusa ngozi ya mwananchi kila siku. Tangazo la afya kwa vinyozi, maelezo yaliyo juu ya kifurushi cha sabuni, somo la sayansi kimu, taarifa ya maji ya kisima cha kijiji: yote haya hulitaja povu, na kila moja hulitaja kwa maana yake.

Utata wa "toa povu"

Tuchukue agizo fupi ambalo mfasiri mwenye haraka angeweza kuliandika: "Toa povu, kisha nyoa." Sentensi hii ni fupi na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo ina maana mbili zinazopingana. Kitenzi kutoa chaweza kumaanisha kukifanya kitu kitokeze, kama mti unavyotoa maua. Chaweza pia kumaanisha kuondoa, kama mtu anavyotoa taka ndani ya nyumba. Mpishi anayechemsha nyama akiambiwa atoe povu, huchukua kijiko akaliengua povu lililo juu ya supu na kulimwaga. Mwanagenzi wa unyozi akilisoma agizo letu kwa maana hiyo ya jikoni, atalifuta povu usoni mwa mteja kabla ya kushika wembe, na wembe utapita juu ya ngozi kavu.

Utata huu unatokana na kumsahau mtenda. Katika Kiswahili cha kila siku, sabuni ndiyo inayotoa povu: twasema sabuni hii inatoa povu jingi, ile haitoi povu. Mtu mwenye hasira au mgonjwa hutokwa na povu mdomoni. Lakini mtu anayelitengeneza povu kwa mikono yake anahitaji kitenzi kingine, na kitenzi hicho hakina haja ya kubuniwa. Waokaji wa mikate na wapishi wa maandazi wanacho. Unga uliotiwa hamira huumuka, na anayeufanya uumuke huuumua. Jambo linalotokea katika unga ni lile lile linalotokea katika sabuni: hewa inaingia ndani ya kitu kizito, inagawanyika katika vijumba vidogo, na kitu chote kinaongezeka ukubwa na kuwa laini. Hivyo basi twapendekeza kwamba katika maandishi rasmi mtu aumue povu, sabuni itoe povu, na mpishi aengue povu. Vitenzi hivi vitatu vikikaa kila kimoja mahali pake, utata unaondoka bila kuongeza neno hata moja jipya katika lugha.

Dhana yenyewe

Kanuni ya kazi ya istilahi ni kuanza na dhana kabla ya jina. Povu ni mkusanyiko wa viputo vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za maji. Maji matupu yakitikiswa hufanya viputo, lakini vinapasuka papo hapo, maana molekuli za maji huvutana kwa nguvu na uso wa maji daima hujikaza ili uwe mdogo. Sabuni huupunguza mvuto huo. Molekuli yake ina ncha mbili: moja huambatana na maji, nyingine huyakimbia maji na kuambatana na mafuta. Molekuli hizo hujipanga pande zote mbili za ukuta wa kiputo na kuuzuia usipasuke upesi.

Kuna povu na povu. Sabuni ya mche inayotumiwa kufulia hutoa povu jepesi, lenye viputo vikubwa vinavyoonekana kwa macho, nalo hunywea baada ya muda mfupi. Povu la kunyolea hutakiwa liwe zito: viputo vyake ni vidogo mno hata jicho haliwezi kuvitenga, na sura yake ni kama maziwa mgando yaliyopigwa vizuri. Tofauti hii inatokana na mapishi ya sabuni. Sabuni ya kufulia hutengenezwa kwa mafuta na haidroksaidi ya sodiamu, na huwa ngumu. Sabuni ya kunyolea aghalabu hutiwa pia haidroksaidi ya potasiamu, ambayo huifanya iwe laini na iyeyuke kwa urahisi, pamoja na asidi ya steariki kwa wingi, ambayo hulipa povu uzito na udumifu. Mafuta nayo yana tabia zake. Mafuta ya nazi hutoa povu upesi, lakini lenye viputo vikubwa. Shahamu ya ng'ombe na mafuta ya mawese hutoa povu linalokawia, lakini likishatoka hukaa.

Yafaa pia ieleweke kwamba povu lina kazi tatu wakati wa kunyoa. Sabuni iliyomo huondoa mafuta ya asili yaliyoupaka unywele, ili maji yaweze kuuingia. Povu huyashikilia maji hayo juu ya unywele yasikauke, na unywele uliolowa kwa dakika 2 au 3 hukatika kwa nguvu ndogo kuliko unywele mkavu. Tena povu huwa kilainisho kati ya makali ya wembe na ngozi. Mtu akiyajua haya ataona kwamba wingi wa povu si kipimo cha ubora wake. Povu jingi lililojaa hewa halibebi maji ya kutosha, na povu lisilobeba maji halimsaidii anayenyolewa.

Vifaa na majina yake

Sabuni ni neno lililotoka katika Kiarabu, na brashi limetoka katika Kiingereza. Yote mawili yamekwisha kuwa Kiswahili na hayana haja ya kubadilishwa. Wembe, povu na kinyozi ni maneno ya Kibantu. Kijitabu chochote kinachohusu kazi hii kitahitaji pia majina ya sehemu za brashi. Sehemu ya kushika ni mpini. Sehemu inayoshika povu tunapendekeza iitwe singa, neno ambalo tayari lina maana ya nywele ndefu za mnyama. Baadhi ya wafasiri huandika "nywele za brashi", na kwa kawaida jina hilo lingetosha, lakini katika maelezo ya kunyoa linaleta mgongano, kwa sababu nywele zinazozungumzwa katika sentensi hiyo hiyo ni za mteja. Agizo la "lowesha nywele" laweza kuwahusu wote wawili, mtu na brashi. Tukisema singa kwa brashi na nywele au ndevu kwa mtu, hakuna atakayebabaika.

Singa za brashi huwa za aina tatu kwa kawaida: za nguruwe, za mnyama mdogo wa Ulaya na Asia aliye wa jamii moja na nyegere wetu, na za nailoni. Singa za nguruwe ni ngumu na hunywa maji, kwa hiyo zinahitaji kuloweshwa kwa dakika kadhaa kabla ya kutumika. Zile za mnyama wa jamii ya nyegere ni laini na hushika maji mengi. Za nailoni hazinywi maji, hukauka upesi na husafishwa kwa urahisi.

Zamani singa za farasi nazo zilitumika, na historia yake ni onyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa singa za farasi zilizotoka Asia bila kutakaswa. Wafugaji wa Usukumani wanaujua ugonjwa wa kimeta katika ng'ombe. Wachache wangedhani kwamba umewahi kusafiri ndani ya brashi ya kinyozi.

Hatua za kuumua povu

Tunaziandika hatua hizi kama zinavyoweza kuandikwa katika kijitabu cha mafunzo, na vitenzi vyake tumevichagua kwa makusudi.

(1) Kulowesha. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, au zifunike kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji hayo, kwa muda wa dakika 2 au 3. Wakati huo huo lowesha singa za brashi katika kikombe cha maji.

(2) Kukung'uta. Toa brashi ndani ya maji na uikung'ute mara moja au mbili. Singa zibaki na unyevu, zisidondoshe maji. Brashi yenye maji mengi huichuja sabuni kabla haijashika.

(3) Kuchota. Zungusha ncha za singa juu ya sabuni kwa nusu dakika hivi, mpaka zishike rojo zito la sabuni. Kosa la wengi ni kuchota sabuni kidogo. Povu la sabuni kidogo haliwezi kuokolewa kwa kuongezwa maji.

(4) Kuumua. Peleka brashi katika kibakuli na uizungushe kwa mkono mwepesi. Kila baada ya mizunguko kadhaa ongeza matone machache ya maji. Mwanzoni rojo litakuwa kavu na lenye kunata. Halafu viputo vikubwa vitatokea. Kisha vitapotea, na povu litakuwa laini na lenye kung'aa. Kazi hii huchukua dakika moja au zaidi. Haina njia ya mkato.

(5) Kupima. Chovya kidole na ukiinue. Povu lililoiva husimama kama kilele kidogo kisha hujiinamia. Likichuruzika, lina maji mengi, na liongezwe sabuni. Likisimama kama donge na kukosa mng'ao, ni kavu, na liongezwe maji tone kwa tone.

(6) Kupaka. Paka povu kwa kuizungusha brashi usoni, ili singa ziziinue ndevu zilizolala, kisha malizia kwa mikono ya juu na chini ili povu liwe na unene ulio sawa.

Tunamwomba mfasiri autazame mpangilio huu wa vitenzi: kulowesha, kukung'uta, kuchota, kuumua, kupima, kupaka. Yote ni maneno ya nyumbani ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua. Vitabu vingi vya ufundi vilivyofasiriwa vina nomino nyingi nzuri zilizobuniwa kwa juhudi, lakini vitenzi vyake ni viwili au vitatu tu, kufanya, kuweka na kutoa, vinavyobebeshwa kazi yote. Fundi hujifunza kwa vitenzi. Kamati za istilahi zingefanya vyema kuorodhesha vitenzi vya kila kazi pamoja na nomino zake.

Kunyoa na usalama

Watu wenye nywele za kipilipili, ambao ndio wengi katika nchi yetu, wana shida inayowapata zaidi kuliko wengine: unywele uliokatwa karibu mno na ngozi hujikunja na kuota kuelekea ndani, ukaleta vipele vya ndevu. Povu zito na wembe mkali hupunguza shida hii, kwa kuwa mnyoaji hana haja ya kukandamiza wala kurudia mahali pamoja mara nyingi. Ushauri unaofaa kuandikwa ni huu: nyoa kwa kufuata uelekeo wa ndevu, usiivute ngozi, na usijaribu kuondoa kila alama ya unywele.

Hapa pana istilahi mbili ambazo mtumishi wa afya hana budi kuzitenga: kusafisha na kutakasa. Povu husafisha, halitakasi. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na mafuta. Kutakasa ni kuua vijidudu, na neno hili limeenea mno tangu mwaka 2020, wakati vitakasa mikono vilipowekwa mlangoni mwa kila ofisi. Wembe uliooshwa kwa povu na kupanguswa kwa kitambaa waonekana safi, lakini waweza kubeba virusi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili wa binadamu kwa siku 7 au zaidi vikiwa na uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo agizo la "safisha wembe kabla ya mteja mwingine" halitoshi, hata kama limefasiriwa kwa uaminifu. Liandikwe: "tumia wembe mpya kwa kila mteja". Brashi nayo isipite kutoka uso mmoja hadi mwingine, maana hueneza choa na maambukizi mengine ya ngozi, na ikipita juu ya jeraha hubeba damu. Mteja awe na brashi yake, au kinyozi apake povu kwa kiganja kilichooshwa.

Maji magumu na maji laini

Mtu aweza kuzifuata hatua zote sita na bado akakosa povu. Sababu mara nyingi ni maji. Maji yaliyopita katika miamba yenye chokaa huyeyusha kalisi na magnesi. Madini hayo huungana na sabuni na kufanya utando mweupe usioyeyuka, unaoelea juu ya maji na kuganda ukingoni mwa beseni. Sabuni inayokwisha katika utando huo haipatikani tena kwa kutoa povu. Vitabu vya kemia vya shule huyaita maji hayo maji magumu, na kinyume chake maji laini.

Istilahi hizi zimekwisha kukubalika, lakini zina kasoro ambayo walimu wanaifahamu: mwanafunzi anayezisikia kwa mara ya kwanza hujiuliza maji yanawezaje kuwa magumu. Mwananchi wa kawaida husema maji yanakataa sabuni, au husema yana chumvi. Usemi wa kwanza ni sahihi kabisa na unaeleza dhana kuliko istilahi yenyewe. Usemi wa pili unapotosha, kwa kuwa chumvi ya kawaida ni kitu kingine. Twashauri istilahi ya maji magumu ibaki, maadam imo vitabuni, lakini mwalimu aifunulie njia kwa usemi wa maji yanayokataa sabuni.

Ugumu wa maji ni wa namna mbili. Ugumu wa muda huondoka kwa kuchemsha. Utando unaoganda ndani ya birika ndio alama yake. Ugumu wa kudumu hauondoki kwa kuchemsha, lakini hupungua kwa magadi, ambayo huiunganisha kalisi na kuiangusha chini kabla sabuni haijatiwa. Ndiyo maana maji yaliyotiwa magadi hupatana na sabuni kwa urahisi. Kwa uso, hata hivyo, magadi ni makali, na maji ya mvua yaliyokingwa bila uchafu ni bora zaidi.

Katika mkoa wa Shinyanga suala hili lilibadilika sana mwaka 2009, ulipozinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Maji ya Ziwa Victoria hutokana kwa sehemu kubwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo yana madini machache na ni laini. Palipofika bomba hilo, sabuni ile ile hutoa povu zaidi kuliko inavyotoa kwa maji ya kisima kigumu. Vijiji vinavyotegemea visima virefu bado vinakuta maji ya kila namna.

Hapa ndipo penye hatari ambayo istilahi yaweza kuizuia au kuizidisha. Neno laini lina sifa njema katika Kiswahili, na gumu lina sifa mbaya. Mwananchi akisoma katika taarifa kwamba maji ya kisima chake ni laini, atafurahi. Akisoma kwamba ni magumu, ataogopa. Maji magumu, kwa kadiri ya kawaida, hayana madhara kwa mnywaji. Kwa upande mwingine, maeneo kadhaa ya Tanzania, Shinyanga ikiwa mojawapo, yana floridi nyingi katika maji ya ardhini, nayo huharibu meno ya watoto na, ikinywewa kwa miaka mingi, mifupa ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na kalisi kidogo, yaani huwa laini, na hutoa povu zuri ajabu. Povu halisemi lolote kuhusu floridi, wala kuhusu zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wala kuhusu vijidudu. Kwa sababu hiyo kila taarifa ya maji inayotumia maneno magumu na laini iongeze sentensi moja: "Sifa hii yahusu sabuni, haihusu usalama wa maji ya kunywa."

Povu migodini

Ukanda huu unalitumia povu kwa kazi nyingine kubwa. Katika mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, dhahabu imechanganyika na madini ya shaba yenye salfa. Mawe husagwa pamoja na maji hadi kuwa tope, hutiwa kemikali zinazozifanya chembe za madini hayo ziyakimbie maji, kisha hewa hupulizwa kutoka chini. Chembe hujishika kwenye viputo na kupanda nalo povu hadi juu, ambako povu huenguliwa na kukaushwa. Kinachobaki ndicho makinikia, neno ambalo watu wengi walilijua kuanzia Machi 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga huo nje ya nchi.

Njia hii ya uchenjuaji iitweje? Kitenzi cha msingi ni kuelea, na mtu angeweza kushawishika kuunda kauli ya kutendesha: kueleza madini, na nomino yake uelezaji. Kimofolojia hakuna kosa, na chombo kweli huelezwa majini. Lakini kueleza kwa maana ya kufafanua kumeenea mno. Ripoti yenye kichwa "Uelezaji wa Madini" itasomwa na kila ofisa kuwa ni maelezo kuhusu madini. Kwa hiyo twapendekeza uchenjuaji kwa povu. Kuchenjua ni neno linalotumiwa na Serikali na wachimbaji pia, na povu linaonyesha njia yenyewe.

Tofauti ya povu hili na la kinyozi inafaa kufundishwa. La kinyozi hutakiwa lidumu na libebe maji. La mgodini hutakiwa libebe chembe, kisha livunjike mara linapoenguliwa, la sivyo lingefurika. Hali kadhalika, wachekechaji wa dhahabu katika nchi nyingi hutia tone la sabuni katika karai ili dhahabu nyembamba izame badala ya kuelea juu ya uso wa maji. Sabuni ile ile inayomsaidia kinyozi kuinua povu humsaidia mchekechaji kuzamisha dhahabu, kwa sababu moja: imeupunguza mkazo wa uso wa maji.

Mapendekezo

Kwa kifupi, twawasilisha orodha hii ili ijadiliwe na walimu, wafasiri na wataalamu wa fani zinazohusika.

(a) Kiputo: tufe moja la hewa lililozungukwa na utando wa maji. Wingi: viputo.
(b) Povu: mkusanyiko wa viputo. Povu jepesi ni lile lenye viputo vinavyoonekana. Povu zito ni lile ambalo viputo vyake havionekani kwa macho.
(c) Kuumua povu: tendo la mtu la kutengeneza povu kwa kuzungusha brashi au mkono.
(d) Kutoa povu: tabia ya sabuni. Lisitumike katika maagizo kwa mtu.
(e) Kuengua povu: kuliondoa povu juu ya kitu cha majimaji.
(f) Singa: sehemu ya brashi inayoshika povu.
(g) Utando wa sabuni: kitu kisichoyeyuka kinachofanywa na sabuni katika maji magumu. Usiitwe povu.
(h) Kusafisha na kutakasa: maneno mawili tofauti, yasibadilishane nafasi.
(i) Uchenjuaji kwa povu: njia ya kutenga madini kwa kuyapandisha juu pamoja na viputo.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, utaratibu wa kutafuta istilahi umekuwa kuanza na Kiswahili chenyewe, halafu lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho lugha za nje. Orodha hii haikuhitaji kuvuka hatua ya kwanza. Mwokaji ametupa kuumua, mpishi ametupa kuengua, mchimbaji ametupa kuchenjua. Mwalimu wa kemia mkoani Shinyanga aweza kuijaribu orodha hii darasani kwa sabuni moja na vikombe viwili, kimoja cha maji ya bomba la Ziwa Victoria na kingine cha maji ya kisima, akiwataka wanafunzi waandike wanachokiona kwa maneno haya tu. Neno litakalowashinda kulitumia ndilo linalohitaji kufikiriwa upya.